Kampuni ilitupa likizo bila malipo, sasa nimeitwa mahojiano ya urubani kwingine

SWALI

Mwalimu, salamu kutoka Mamboleo, Kisumu.

Mimi ni rubani msaidizi wa miaka 34. Kwa miaka mitano nimerusha ndege za abiria za propela kati ya Nairobi, Kisumu, Eldoret na Mombasa, na logibuku yangu, daftari la saa nilizoruka, ina saa 2,100 na ushei. Kisha kampuni ikarudisha ndege mbili za kukodi kwa wenyewe, na sisi tuliokuwa mkiani mwa orodha tukapewa barua za likizo bila malipo. Barua yangu inasema nitaitwa tena "hali ya biashara itakapoimarika". Tarehe haina. Kwa hiyo sijafutwa, na kazi sina.

Nilihama Nairobi nikarudi nyumbani na mke wangu na mtoto wetu. Shemeji yangu ana kinu cha mpunga huko Ahero, akaniweka nikisimamie. Napokea magunia ya wakulima, napima, naandika, jioni nafunga hesabu. Kazi hiyo imetulisha na ninaishukuru. Lakini ndege ikipita naitambua kwa mlio tu, na siku hiyo siongei sana.

Sasa kampuni nyingine, yenye safari za humu nchini na nchi jirani, imeniita kwenye mahojiano Nairobi baada ya wiki tatu. Siku ya kwanza ni mtihani wa kuandika na jopo, siku ya pili ni simuleta, ile mashine ya kuigiza urukaji wa ndege. Nilifurahi mpaka nikapiga magoti. Usiku wake sikulala. Ni karibu mwaka mzima sijashika usukani wa ndege.

Ushauri ninaopewa unanichanganya. Rafiki yangu niliyesoma naye anarusha ndege ndogo pale uwanja wa Wilson, Nairobi. Anataka niandike saa hamsini kwenye logibuku kana kwamba tuliruka pamoja, yeye atie sahihi, ili nionekane sikukaa bure. Binamu yangu, mtu wa maofisini, anasema nisiitaje kabisa ile barua ya kuitwa tena, niseme niliacha kazi mwenyewe. Na kuhusu kinu cha mpunga, wote wawili wanataka niseme nilikuwa "mshauri wa masuala ya usafiri wa anga". Mke wangu hasemi mengi. Ameniuliza swali moja: "Na hawa nao wakikupa likizo kama wale?"

Nifanyeje, Mwalimu? Na wiki hizi tatu nizitumieje?

Rubani wa Kinuni, Kisumu

JIBU

Mwanangu, nianze na zile saa hamsini, maana ndizo zinazoweza kukumaliza.

Usiziandike. Hata moja. Safari ya ndege haiandikwi kwenye logibuku ya rubani peke yake. Ndege ina kitabu chake kinachohesabu saa za injini na za bodi ili fundi ajue ukaguzi unafika lini, uwanja una daftari lake, na waongoza ndege wana kumbukumbu zao. Mtu wa jopo akitilia shaka ukurasa wako wa mwisho, atauliza namba ya usajili ya ndege na tarehe, na simu moja inatosha. Njia ya mwongo ni fupi, na kwenye urubani ni fupi zaidi kwa sababu tunajuana. Hapo hutapoteza nafasi ya kazi tu. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, inaweza kusimamisha au kufuta leseni ya mtu aliyeghushi kumbukumbu, yako na ya rafiki yako aliyetia sahihi.

Kuna sababu nyingine inayonigusa zaidi. Sheria inataka rubani anayebeba abiria awe amepaa na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita, kwenye aina hiyo ya ndege au kwenye simuleta iliyoidhinishwa. Sheria hiyo ipo kwa sababu mikono husahau, macho huacha kuzunguka kwenye vyombo, na mwenye mikono hiyo huwa wa mwisho kujua. Saa za uongo zinamwambia mwalimu atakayekupokea kwamba huna kutu. Atakupunguzia mazoezi unayoyahitaji, kisha utaketi mbele ya abiria sabini ukiwa hujawa tayari. Saa zako 2,100 ni za kweli na zina uzito. Leseni ya juu ya urubani wa mashirika huanzia saa 1,500, ingawa ina masharti mengine pia, kwa hiyo kwa idadi umeshapita. Aliyeita jina lako ameona kwenye karatasi zako kwamba hujaruka kwa muda mrefu, na bado ameita.

Ukiweza kupata pesa kidogo, lipia saa moja au mbili za simuleta pamoja na mwalimu, uziandike kama zilivyo: mazoezi ya simuleta, tarehe, sahihi ya mwalimu. Hizo ndizo zitakazokutetea.

Kinu cha mpunga ukitaje kwa jina lake. "Nilirudi Kisumu nikasimamia kinu cha familia huko Ahero ili nyumba iendelee." Imetosha. Walio mezani ni watu wenye nyumba za kulisha, na wengi wao waliona jinsi ndege zilivyoegeshwa mwaka 2020, safari za abiria za kimataifa ziliposimamishwa Machi na zile za ndani zikarejea katikati ya Julai. Marubani wengi wakati huo waliuza mitumba, wakafuga kuku, wakaendesha teksi. Usikigeuze kinu kuwa mafunzo ya urubani pia. Nimesikia watahiniwa wakieleza jinsi duka la simu lilivyowafunza kuongoza ndege, na jopo linachoka. Ukisema "mshauri", utaulizwa ulimshauri nani.

Sasa ile barua ya kuitwa tena. Hapa nitakaa, kwa sababu naona hili ndilo swali kubwa la mahojiano yako, na binamu yako hakuliona.

Kampuni ikikuajiri itakulipia mafunzo ya ndege yake, simuleta ambayo mara nyingi iko nje ya nchi, kisha miezi ya kuruka na kapteni mwalimu kabla hujahesabiwa kuwa kamili. Ni pesa nyingi. Mtu aliye kwenye likizo bila malipo anawatia hofu moja: tukishamlipia, wale wa zamani watapiga simu naye ataondoka. Watakuuliza. Ukisema uliacha kazi, halafu wakapiga simu kule kuulizia sifa zako na kuambiwa bado uko kwenye orodha ya wafanyakazi, mahojiano yameisha.

Kwa hiyo kabla ya kupanga maneno, panga uamuzi. Kaa na mke wako mlitazame jambo hili bila kujidanganya. Kwenye kampuni nyingi za ndege karibu kila kitu hufuata ukongwe kwenye orodha: ratiba, likizo, kituo, na zamu ya kupanda kuwa kapteni. Ukihama unaacha miaka yako mitano na kuanza chini kabisa. Hasara hiyo ni ya kweli, usiidharau. Lakini wewe mwenyewe umesema ulikuwa mkiani. Likizo huanzia mkiani, na kuitwa tena huanzia juu. Ndege mbili zimerudi kwa wenyewe. Mpaka zije nyingine, na wote walio mbele yako waitwe, ndipo zamu yako ifike. Mimi kwa maoni yangu, barua isiyo na tarehe haitoshi kumweka mtu wa miaka 34 kinuni akisubiri. Kama baada ya kuzungumza moyo wako bado uko kule, ni haki yako, ila basi usiende kuwaahidi hawa kitu ambacho hutatimiza.

Ukiamua kuhama, jibu lako liwe hivi, kwa maneno yako: "Bado niko kwenye likizo bila malipo na barua yao haina tarehe. Nikipata kazi hapa, nitajiuzulu kule kwa maandishi kabla ya siku yangu ya kwanza." Useme ukimtazama aliyeuliza, unyamaze. Usianze kuwasema vibaya mabosi wako wa zamani. Hata kama walikukosea, jopo litasikia jinsi utakavyowasema wao kesho.

Na usijiuzulu mapema. Ukiwa kwenye likizo bila malipo wewe bado ni mwajiriwa wao. Wakiamua kuwapunguza wafanyakazi rasmi, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inadai notisi isiyopungua mwezi mmoja na malipo ya angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka kamili uliotumikia. Kwa miaka mitano ni siku 75 kwa uchache. Ukijiuzulu mwenyewe, malipo hayo ya kupunguzwa huyadai tena. Kwa hiyo mkataba mpya utiwe sahihi na pande zote mbili kwanza, ndipo barua ya kujiuzulu iende. Siku utakayoondoka, dai cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 kinamlazimu mwajiri akupe. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha marubani, KALPA, waonyeshe ile barua ya likizo hata sasa.

Wiki zako tatu. Leseni na cheti cha afya cha daraja la kwanza vishughulikie leo. Kwa umri wako cheti hicho hudumu miezi 12, na huenda chako kinakaribia kwisha au kimeshakwisha. Cheti cha ufasaha wa Kiingereza nacho kiangalie: ngazi ya nne hupimwa upya kila baada ya miaka mitatu. Jumlisha logibuku yako upya, ukurasa kwa ukurasa. Hesabu isiyolingana inaonekana kama udanganyifu hata pale ambapo ni usahaulifu.

Maswali ya kiufundi yatatoka kwenye njia ulizokuwa ukiruka, kwa hiyo soma nchi yako kabla ya kusoma vitabu vya Ulaya. Chukua Kisumu, futi kama 3,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa hewa ya kawaida, joto la mwinuko huo lingekuwa kama nyuzi 8. Mchana wa nyuzi 30 umezidi kwa nyuzi 22, na kila nyuzi moja inaongeza karibu futi 120, kwa hiyo ndege yako inapaa kana kwamba uwanja uko futi 6,400. Nenda Eldoret, futi kama 7,000. Siku ya nyuzi 24 tu inakupeleka karibu futi 9,800. Sema hayo mezani kwa kichwa, kisha eleza maana yake: mbio ndefu zaidi ardhini, kasi ya kweli kubwa kuliko inayoonyeshwa, propela inashika hewa nyepesi, na injini moja ikizima ndege inapanda kwa shida. Hapo ndipo utaulizwa kuhusu V1, kasi ambayo ukiipita ukijaribu kusimama, njia ya kurukia haitakutosha. Jibu kwa kutumia Eldoret, wataona rubani aliyefikiri.

Hali ya hewa ni vivyo hivyo. Wewe unajua kuliko mtu wa pwani jinsi upepo wa ziwa unavyokutana na ule wa mashariki na kujenga mvua ya radi juu ya Nandi na Kericho alasiri, na jinsi usiku mvua inavyohamia ziwani. Tarajia swali hili: unakaribia Kisumu saa kumi jioni, radi imekaa juu ya uwanja, uwanja wako mbadala ni Eldoret na wingu limesimama katikati. Mafuta yako yanahesabiwaje? Uanze na akiba ya mwisho, dakika 30 za kuzunguka futi 1,500 juu ya uwanja kwa ndege ya injini za tabo (tabaini) kama zile ulizorusha, akiba ambayo haiguswi kwenye mpango wowote. Kisha sema utaamua saa ngapi kurudi Nairobi, na utamwambia nini mwongoza ndege ukiona utatua na mafuta chini ya akiba hiyo: unatangaza dharura, bila haya. Wanataka kusikia kwamba uamuzi unafanywa mapema, mafuta yakiwa bado yanakupa njia mbili.

Kuna swali la tabia ambalo kwetu ni zito. "Ulishawahi kutokubaliana na kapteni?" Tumelelewa kwamba mdogo hamkosoi mkubwa, na adabu hiyo ni nzuri mezani kwa baba mkwe. Kwenye chumba cha marubani inaua. Tarehe 5 Mei 2007 ndege iliyotoka Douala, Kamerun, kuja Nairobi ilianguka usiku muda mfupi baada ya kupaa, na watu wote 114 waliokuwemo wakafa. Ripoti ya uchunguzi ilieleza ndege iliyoinama polepole gizani bila vyombo kutazamwa, na ikataja ukosefu wa ushirikiano kati ya marubani. Ripoti hiyo isome kabla ya kwenda, na uisome kwa heshima, maana wengine mezani huenda waliwafahamu waliokuwemo. Halafu tafuta kisa chako mwenyewe, cha kweli hata kikiwa kidogo: kapteni alikuwa anashuka kupita mwinuko alioruhusiwa, ulisema nini, alijibu nini, mlifanya nini. Rubani msaidizi hupanda ngazi. Kwanza anataja anachoona: "Kapteni, kasi inashuka." Kisha anapendekeza: "Tughairi kutua." Kisha anaamuru. Usilete kisa ambacho kapteni ni mjinga na wewe ni shujaa.

Simuleta ndiyo inayokunyima usingizi, nami nakuambia hofu yako iko mahali pake, lakini imekosea kinachopimwa. Hakuna mtu atakayetarajia mikono ya mtu aliyeruka jana. Andika barua pepe leo uulize ni simuleta ya ndege gani na kama wanatoa takwimu za nguvu ya injini na mkao wa pua kwa kila hatua. Wengi hutoa. Zikariri. Keti kwenye kiti nyumbani, bandika karatasi ya vyombo ukutani, na urushe safari nzima kwa sauti: cheklisti, miito, kupaa, injini moja kuzima, kuzunguka kusubiri, kukaribia kwa vyombo, kughairi kutua. Mwombe mke wako akusomee cheklisti. Fanya hivyo kila jioni ukitoka Ahero, hata kama umechoka, kwa sababu huo uchovu nao utakuwepo siku ya mtihani.

Ndani ya simuleta, jambo likiharibika, ruka ndege kwanza, jua unakoelekea, kisha ndipo uongee. Na utakosea kitu. Mwinuko utateleza kwa futi mia mbili, au utaingia mzunguko wa kusubiri kwa upande usio sahihi. Sema: "Nimepita mwinuko, narekebisha." Rekebisha, endelea. Mpimaji atakupa maelekezo kisha atakurudishia zoezi lilelile, na hapo ndipo anapoandika alama zake nzito. Anaangalia kama mara ya pili umekuwa bora. Mtu aliyekaa nje mwaka mzima na kujirekebisha ndani ya dakika kumi anafundishika, na kampuni inanunua hilo kabla ya chochote. Kumbuka pia kwamba mara nyingi aliyekaa kiti cha pili naye anapimwa. Msaidie kama vile kazi ni ya nyinyi wawili.

Swali la mke wako limenigusa, na linastahili jibu la maandishi. Wakikupa mkataba, karibu hakika utakuwa na kifungu cha mafunzo kinachokufunga kwa miaka kadhaa, ukiondoka kabla ya muda unalipa. Usisaini siku hiyohiyo. Omba nakala uende nayo nyumbani, msome pamoja, kisha wakili aisome. Uliza deni ni kiasi gani na kama linapungua kila mwezi unaotumikia. Uliza nani anashika cheti chako cha aina ya ndege, kile kinachokuruhusu kurusha ndege hiyo. Na uliza, kwa sauti ileile uliyotumia kwenye jopo, nini kinatokea kwa deni hilo ikiwa kampuni yenyewe ndiyo itakayokupunguza au kukupa likizo bila malipo. Jibu linapaswa kuwa kwamba deni linafutwa. Wakikubali kwa mdomo, waombe waliandike ndani ya mkataba kabla hujatia sahihi.